Gunia la Sheria za Jana

Habari za kifo cha yule wakili wa Kitui zilinikuta Kiboko, nikinunua nyanya kando ya barabara. Nyanya nikaziacha pale pale. Mnaonisoma mnajua sisifu marehemu kwa mazoea. Mama huyu alikuwa mkali, alinifokea mara nyingi, na leo natamani anifokee tena.

Enzi zile sheria zilikaa kwenye majalada ambayo kurasa zake huchomolewa. Bunge likibadilisha kifungu, serikali huchapisha ukurasa mpya; unachomoa wa zamani, unapachika huo. Wakili kila ukurasa wa zamani aliuchoma jioni hiyo hiyo nyuma ya ofisi, na mahakama ikamuiga. "Sheria iliyokufa isitudanganye," alisema. Kisha akapata mteja, mjane wa Nuu aliyeshtakiwa kwa kuchoma makaa msituni. Alikamatwa kabla sheria haijabadilishwa, hukumu ikaja baadaye, na ukurasa mpya ulikuwa umefuta faini ukabakiza kifungo. Wakili akasimama kudai adhabu ya zamani. Hakimu akamwambia, "Sawa, nionyeshe." Kitui nzima hapakuwa na ukurasa wa zamani hata mmoja. Akapewa hadi kesho saa tatu asubuhi. Mjane akamshika mkono, akimwita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, watoto nimewaachia jirani."

Mchana huo tulienda mji wa Wote kuutafuta ukurasa huo, kwa gari langu bovu, yeye akiuma kucha, mimi nikiomba tairi zisipasuke. Karani wa mahakama ya huko tulizoea kumcheka kwa uvivu. Kurasa mpya zilikuwa chini ya meza yake, bado zimefungwa kamba, na jaladani ukurasa wa zamani umetulia. "Nilikuwa nizibadilishe wiki hii," akajitetea. "Ungethubutu ningekupiga," wakili akasema, machozi yakimtoka. Kesho yake mjane alitozwa faini, akina mama wa kanisa wakamchangia, akalala Nuu na wanawe.

Tangu hapo wakili hakuchoma tena. Kila ukurasa uliochomolewa uliingia guniani nyuma ya mlango. Siku hizi sheria tunazisoma kwenye simu, na wengi hatuulizi ya jana ilisemaje. Hilo linanitia hofu. Nchi ina haki ya kurekebisha sheria zake, lakini mtu hujibu kwa siku aliyotenda, na sheria ya siku hiyo lazima ibaki mahali inaposomeka. Baada ya mazishi binti yake aliniuliza kama alichome lile gunia, maana limejaa vumbi. Nilimwambia asithubutu. Liko hapa miguuni pangu ninapoandika, na mwenye kesi ya zamani abishe hodi.