Sikio Kwenye Tairi

Jirani yangu hawezi kupita gurudumu bila kulibonyeza kwa kidole gumba. Jumapili hupandisha pikipiki kwenye miamba ya mtoni, na amechoshwa na tyubu zinazobanwa na mawe zikapata pancha. Ila rimu za tairi zisizo na tyubu, anasema, ni za watu wa London wenye pesa. Basi akaikwangua rimu yake kuukuu, akaziba kila tundu la spoki kwa gundi nyeupe ili aitumie bila tyubu, akajaza upepo na kupaka povu la sabuni. Jana nilimkuta jikoni amelilalia gurudumu kwa sikio, amebana pumzi.

“Njoo usikie! Limetulia kama maji mtungini!”

“Hiyo gundi umeitoa wapi?” mkewe, Maureen, alipaza sauti kutoka ghorofani, alikokuwa akioga.

“Ilikuwa inazagaa tu kabatini.”

“Inazagaa? Si ile niliyokununulia tangu Krismasi uzibe hili hodhi la kuogea?”

Tone likaanguka kutoka darini, likatua kwenye kikombe cha chai cha jirani. Akasogeza kikombe bila kutazama, akarudisha sikio kwenye tairi, uso ukamkunjamana.

“Hebu nyamaza kidogo, Maureen. Kuna mahali panavuja.”