Miguu ya Mwanahawa na Chai ya Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilionja damu. Si utani, wajukuu zangu. Katika maabara yetu pale Tabora damu tulikuwa tunaivuta kwa mdomo, kwa bomba jembamba la kioo, na mimi binti wa Ipuli, kwa pupa yangu ya ujana, nikavuta kama ninayekunywa soda. Mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Maabara, akanitazama ninavyotema mate dirishani. "Pole, binti. Ladha umeshaijua. Vuta tena, taratibu." Hakunifukuza, na namshukuru mpaka leo.

Alinifundisha kupima wekundu wa damu: unaitia kwenye kichupa chenye tindikali, inageuka kahawia, unaongeza maji tone kwa tone mpaka rangi ilingane na kioo cha kulinganishia. Tone jingine unalipaka kwenye kioo, unalitazama kwa hadubini. Ukiona chembe ndogo, zimepauka katikati, mara nyingi mwili umepungukiwa madini ya chuma. Hicho kipimo chenu cha siku hizi, cha kupima akiba ya chuma mwilini, sisi hatukuwa nacho.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, kwenye hadubini ya kutegea mwanga wa jua. Wingu likipita, kazi inasimama! Niliporudi Tabora, watu wakiwa wanahamia vijiji vya ujamaa, ndipo akaja Mwanahawa.

Alikuwa fundi cherehani, mjamzito. Hakulalamikia tumbo wala homa.

"Dada, miguu hainipi raha. Nikikaa tu, au nikijinyoosha kitandani, ndani kunatambaa kama sisimizi mpaka niinuke nitembee. Nikikanyaga cherehani ndiyo inatulia."

Kwenye maulidi hakuweza kukaa mkekani. Anainuka, anakaa, anainuka tena, na wanawake wakaanza kunong'ona kwamba ana jini. Mama mkwe wake alikuwa ameshapanga kumpeleka kwa mganga wa kule Kigwa.

Nikampima. Jamani, damu ilikuwa nyepesi, chembe zimepauka! Choo tulikipima pia, hakikuwa na minyoo ya safura inayonyonya damu. Miguu ya namna hiyo ina sababu nyingi: mimba, figo, upungufu wa chuma, na wapo wenye damu nzuri kabisa wanaosumbuka vilevile. Bwana Maabara aliinamia hadubini kwa muda mrefu.

"Miguu imetusemesha mapema," akasema. "Akijifungua na damu hii, akitokwa kidogo tu, tunamkosa."

Daktari akampa vidonge vya chuma. Aliporudi kupimwa, damu ilikuwa ile ile na tumbo limezidi kukua. Niliogopa sana. Mwanahawa akalia, "Wallahi nameza, dada!" Bwana Maabara akavaa kofia yake. "Basi twende kwake tukasalimie."

Mama mkwe alitupokea vizuri. Shikamoo, marahaba, na birika la chai ya rangi likaletwa, nyeusi tii, ina tangawizi. Mwanahawa, ili tumwamini, akatoa kidonge chake akakimeza mbele yetu kwa ile chai.

Bwana Maabara akaweka kikombe chini. "Kumbe! Kila siku unameza hivi?"

"Kila siku, baba. Maji matupu yananitia kichefuchefu."

"Chai hiyo inakishika chuma tumboni, damu inapata kidogo mno. Meza kwa maji ya ndimu. Chai isubiri."

"Na jini je?" akauliza mama mkwe.

"Naye mpeni ndimu, mama. Akikataa, mpelekeni Kigwa."

Bibi yule alicheka mpaka akashika mbavu, na toka siku hiyo ndimu alizikamua yeye mwenyewe. Miguu ilianza kutulia, kisha kichupa changu kikaonyesha damu inapanda. Siku ya kujifungua alitokwa damu nyingi, wauguzi wakahangaika naye, lakini sasa alikuwa nayo ya kutosha. Walinusurika wote wawili, mama na mtoto. Mimi nilijifungia maabara nikalia kwa furaha.

Nilipostaafu, Bwana Maabara alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Wenzangu waliniandalia sherehe, Mwanahawa naye akaalikwa, mikeka ikatandikwa, mgeni rasmi akazungumza weee, watu wakasinzia. Mnaniuliza alisema nini kunihusu? Sijui. Muda wote nilikuwa naitazama miguu ya Mwanahawa, ameinyoosha mkekani, imetulia tuli.