Majibu ya Uongo ya Lorne Eyolfson

Lorne Eyolfson alikuwa hapatani na friji yake. Binti yake aliwaletea yeye na mkewe wakati wa Krismasi, friji yenye kioo kama cha simu mlangoni na intaneti ndani, eti imkumbushe mama maziwa yanapokwisha. Lorne aliitazama siku mbili. Siku ya tatu akachukua plasta, akaibandika juu ya kile kioo chote, hata taa yake haionekani.

"Maziwa yakiisha nitaona yameisha," alimwambia mkewe, Runa. "Sihitaji mtu aliyekaa California naye ajue."

Runa alikuwa amemzoea. Alikuwa ameolewa naye miaka arobaini na sita, na mpaka siku ile hakuwa amepewa nywila ya kompyuta ya nyumbani. Akitaka kutazama namna ya kupika kitu, ilibidi amwombe mumewe amfungulie, na mumewe akifungua anamwambia ageuke kidogo.

Sasa, mzee wa namna hii kila mji unaye mmoja, lakini huku kwetu Skalavik, watu mia tisa tu kando ya Ziwa Winnipeg, tulipewa aliyekomaa. Miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa simu, kazi yake kupanda nguzo, na alipenda kusema kwamba amesikia maneno ya watu waliodhani hawasikiwi, kwa hiyo asifundishwe. Kila asubuhi saa nne alikaa kwenye meza ya kahawa ya klabu yetu ya mchezo wa barafuni akatoa hukumu. Waifai ya bure? Mtego. Kengele ya mlango yenye kamera? Umemnunulia mwizi macho. Televisheni? Inasikiliza, zima, ng'oa na waya. Kadi yake ya benki aliizungushia karatasi ya foili, na kila akienda kulipia mafuta ya gari foleni nzima ilisubiri aimenye. Ukimuuliza saa ngapi, anakuuliza kwanza ni nani anayetaka kujua.

Tulimcheka, ndiyo. Lakini mimi nitasema na upande wa pili, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakimwita mwerevu. Uhodari wote ule ulianza na aibu.

Miaka tisa nyuma Lorne alikuwa na rafiki, Orest Hnatiuk, mfuga ng'ombe. Walianza darasa la kwanza pamoja, wakacheza timu moja pamoja, wakaoa mwaka mmoja. Orest alikuwa katibu wa klabu. Siku moja ukaingia ujumbe kwenye kompyuta ya klabu, juu umeandikwa jina la Lorne, ndani unasema: tazama picha hizi, utacheka. Orest akafungua. Hakucheka. Kompyuta ilikufa palepale na kumbukumbu za miaka arobaini, washindi wote, picha zote, hata orodha ya nani alipika nini kwenye harusi ya nani.

Kwenye mkutano wa mwaka, mbele ya watu themanini, Lorne alisimama. "Mtu mzima na akili zake anafungua kila anachotumiwa?" alisema. "Hata kuku huangalia kabla ya kudonoa!" Watu wakacheka, Mungu atusamehe, na mimi nilikuwemo.

Orest aliinuka taratibu. "Nilifungua kwa sababu ulikuwa na jina lako," alisema. Akachukua kofia yake akatoka, na kuanzia siku ile hawakusemeshana tena.

Kitu ambacho Lorne hakumwambia mtu, hata Runa, ni kwamba mwizi alikuwa amepita kwake. Nywila ya barua pepe yake wakati ule ilikuwa Skuggi, jina la mbwa wake mweusi, jina lililojulikana mji mzima. Aligundua jioni ya siku ileile kompyuta ilipokufa, akaibadilisha, akafunga mdomo. Akaenda mkutanoni hivyo hivyo akijua. Tangu hapo ndipo alipogeuka bingwa wa usalama.

Lakini mji wenye klabu moja utamkwepaje mtu? Huku kwetu majira ya baridi ni mchezo wa mawe tu, yale mawe ya kilo ishirini tunayoyatelezesha juu ya barafu huku wenzetu wakifagia mbele yake, na kila mtu yuko pale ukumbini. Basi walizungumza kupitia kwa Bernice Pawluk, mwenyekiti.

"Bernice, mwambie huyo bwana amekanyaga barafu yangu na viatu vya nje."

"Bernice, mwambie huyo bwana viatu nimevifuta."

Wamesimama hatua mbili tu kutoka mmoja hadi mwingine. Bernice alishasema mara mia kwamba yeye hakuajiriwa posta.

"Barafu yangu," alisema Lorne, na hakukosea. Alikuwa fundi barafu wa klabu kwa misimu thelathini na mmoja, bila malipo, na barafu yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Vuli iliyopita klabu ilinunua mtambo mpya wa kupoozea, mtambo usio na hata swichi moja, unaoendeshwa kwa programu ya mtandaoni. Lorne alipinga mpaka sauti ikamkauka. Akashindwa kwa kura.

"Sawa," alisema. "Basi nywila nitashika mimi, peke yangu."

Akafungua akaunti kwa kanuni zake. Namba ya simu hakuweka, namba za simu huibwa. Mtu wa pili wa kumsaidia hakuweka, huyo ndiye mwizi wa kwanza. Nywila ilikuwa na herufi ishirini na mbili, na kuiandika kwenye karatasi ilikuwa haramu. Yalipokuja yale maswali matatu ya kumtambua mwenye akaunti, alicheka peke yake jikoni. Katika mji huu, ambapo hata mchinja nyama anajua ukoo wa mama yako? Akajibu uongo, akajisifu meza ya kahawa wiki nzima.

Ikafika Ijumaa ya Machi, siku moja kabla ya mashindano ya miaka sitini ya klabu. Timu ishirini na nne, nyingine zimeshaondoka kwao ziko barabarani. Nje jua linawaka, mapaa yanatiririka. Saa saba mchana mtambo ukajisasisha wenyewe, ukazima, ukaandika kwenye kompyuta: mwenye akaunti ajitambulishe.

Lorne akaja mbio, koti halijafungwa. Akaandika nywila. Sivyo. Akaandika tena. Sivyo. Mara ya tano kompyuta ikamfungia.

"Piga kwa kampuni," alisema Bernice.

Wakapiga. Sauti ya mwanamke mpole iliwaambia ofisi zimefungwa mapema leo, zitafunguliwa Jumatatu, akawatakia mapumziko mema.

"Mapumziko mema!" Bernice alifoka. "Lorne, hiyo barafu itakaa mpaka lini?"

"Kwa jua hili?" Lorne alitazama chini. "Muda wa saa tatu tu. Baada ya hapo wageni waje na nyavu."

Alijaribu kucheka lakini uso ulikuwa umempauka. Misimu thelathini na mmoja, na barafu imfie mkononi siku ya wageni! Orest alikuwa ameshafika na ndoo na matambara, yuko ukingoni anafyonza maji bila kuitwa na mtu.

"Bernice," alisema Orest, "mwambie huyo bwana mimi niliupigia kura mtambo wenye swichi."

"Bernice, mwambie huyo bwana na mimi pia."

"Nyote wawili nyamazeni!" alisema Bernice, akavuta kiti mbele ya kompyuta. Imebaki njia ya maswali matatu, na kompyuta ilionya: makosa matatu kwa jumla, akaunti inafungwa siku tatu. Wanawake waliokuwa jikoni wakikunja perogi, vile vijisambusa vya viazi, kwa ajili ya kesho walitoka wote, mikono imejaa unga. Runa alikuwa mbele yao.

Swali la kwanza: jina la mnyama uliyempenda kuliko wote.

"Skuggi!" waliitikia wote kwa pamoja, na Bernice akaandika kabla Lorne hajamzuia.

Nyekundu. Kosa la kwanza.

"Nimewaambia nilidanganya!" Lorne alipiga kelele. "Miezi mitano nawaambia!"

"Sasa ulidanganya nini?"

"Sikumbuki."

"Ebo! Unadanganya halafu unasahau?"

"Tulieni," alisema Runa, akijipangusa unga. "Huyu mume wangu kudanganya hajui. Akidanganya anataja kitu kilichoko mbele ya macho yake. Mwaka juzi mchungaji alimuuliza mbona haonekani kanisani, akasema alikuwa na shughuli ya pazia. Kwa nini? Alikuwa ameliangalia pazia. Lorne, ulikuwa wapi ulipofungua hiyo akaunti?"

"Jikoni."

"Unakula nini?"

"Soseji."

"Bernice, andika Haradali. Soseji bila chupa ya haradali mbele yake hali."

Ikawaka kijani. Wanawake wakapiga makofi, unga ukatimka. Lorne alimtazama mkewe kwa hofu, kama vile ni yeye aliyedukuliwa.

Swali la pili: ukoo wa mama yako kabla ya kuolewa. Bernice, kichwa kimeshapata moto, akaandika Soseji bila kumuuliza mtu. Nyekundu. Kosa la pili.

"Bernice!"

"Samahani. Niliona tumepata mwendo."

"Hilo nalikumbuka," alisema Lorne kwa sauti ndogo. "Andika Dubchak."

Wanawake walimgeukia wote. Dubchak ni fundi barafu wa mji wa jirani, mtu ambaye Lorne hawezi kumtaja bila kutema.

"Umempa mama yako ukoo wa Dubchak?" aliuliza Runa.

"Kwa usalama. Nani angefikiri?"

"Mama mkwe wangu angekuwa hai ungekula mwiko leo."

Kijani. Limebaki swali moja, na nafasi moja. Maji yalikuwa yameanza kung'aa juu ya barafu, na Orest alikamua tambara la kumi na ngapi sijui. Bernice akalisoma swali kwa sauti, halafu akatamani asingelisoma kwa sauti.

"Rafiki yako mkubwa wa utotoni ni nani."

Jibu la kweli kila mtu alilijua, na lilikuwa pale limepiga magoti na ndoo. Wanawake wakaanza kukagua kucha zao.

"Haya," alisema Bernice haraka, "uongo wa tatu. Ulikuwa umemaliza soseji? Kulikuwa na nini tena mezani? Chumvi? Gazeti? Au Dubchak tena, nimwandike Dubchak?"

"Usiandike," alisema Lorne.

"Basi sema wewe. Mzee, saa zinakwenda."

Lorne alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Masikio yalikuwa mekundu.

"Andika Orest."

"Lorne, tumekubaliana uliandika uongo. Tuna nafasi moja tu, mzee wangu, moja! Usituletee..."

"Nimesema andika Orest!"

Bernice alimgeukia Runa. Runa akaitikia kwa kichwa. Bernice akaandika herufi moja moja, akafumba macho, akabonyeza.

Chini ya sakafu mtambo ulikohoa mara mbili, ukaanza kunguruma. Wanawake walipiga vigelegele mpaka taa zikatikisika, Bernice alimbusu Lorne kichwani, na mtu mmoja akarusha perogi mbichi juu. Lorne hakusogea.

"Hebu niambie," alisema Bernice akihema. "Kote umedanganya. Hapo mbona hukudanganya?"

"Nilijaribu," alisema Lorne. "Nilikaa nusu saa nzima. Halikuja jina lingine."

Orest alikuwa bado amepiga magoti, mgongo wake umewaelekea, tambara moja analikamua wakati maji yake yalishaisha zamani. Lorne alikwenda mpaka ukingoni, na kwa mara ya kwanza katika misimu thelathini na mmoja akaikanyaga barafu na viatu vya nje.

"Orest."

"Bernice," alianza Orest, halafu akaacha. "Nini?"

"Ule ujumbe. Mwizi alipita kwangu. Nywila yangu ilikuwa Skuggi."

"Najua."

"Unajua?"

"Jina la mbwa wako, Lorne! Ungeweka nini kingine? Nilijua kabla hata ya mkutano."

"Ukanyamaza?" Sauti ya Lorne ilipasuka. "Mimi nimesimama pale nakuita kuku mbele ya watu themanini, na wewe unajua, ukanyamaza?"

Orest aliinuka kwa shida, goti moja halimtii. Akamtazama Lorne usoni.

"Sasa ningesemaje?" alisema. "Ungeaibika."

Lorne aliitazama kofia ya mwenzake. Kisha akageuka, akawaangalia Bernice na Runa na wanawake wa perogi na wachezaji wa kwanza waliokuwa wanaingia mlangoni na mabegi yao, watu wa miji ambayo hata hakuijua. Akasafisha koo.

"Jamani," alisema kwa sauti ile ile ya mkutanoni, "hebu nisikilizeni wote. Nataka kuwaambia nywila yangu ya miaka tisa iliyopita."