Udi kwa Ajili ya Mashine

Mashine ililetwa kwetu Tandika na watafiti wawili: daktari wa kike wa hapahapa mjini, na Mzungu mmoja mrefu ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza chavua za maua. Ilikuwa na ukubwa wa ndoo ndogo. Ilivuta hewa ya chumba na kunasa kwenye karatasi nyeupe vitu vyenye uhai vinavyoelea humo bila kuonekana, kama hizo chavua na mbegu za ukungu. Walitaka kujua ni kipi kinachobana vifua vya watu.

Walikichagua chumba chetu kwa sababu mdogo wangu wa mwisho ana pumu. Mgonjwa wa nyumba yenye mashine angetibiwa na daktari yule mpaka utafiti uishe. Nyumba ikiondolewa, na mgonjwa wake anaondolewa. Mie niliacha shule kidato cha pili, wazazi walipofariki, nikaenda kubeba mizigo Kurasini ili wadogo zangu wale. Utafiti sikuujua, lakini kifua cha mdogo wangu nilikijua. Mashine ile ningeipa hata kitanda changu.

"Ishini kama kawaida," daktari alisema. "Tunataka hewa mnayopumua siku zote."

Hapo ndipo pagumu. Mwenye nyumba wetu, mama wa Kiarabu tuliyemwita Bibi, hajawahi kumpokea mgeni kikawaida. Watafiti hawajafika barabarani, ameshaagiza ua ufagiliwe na kumwagiwa maji. Aliingia chumbani kwetu, akavuta kabati, akasugua ukuta kwa dawa ya madoa. Mpangaji anayekaanga samaki alihamishiwa nje. Kisha Bibi akaja na chetezo, akafukiza udi mbele ya mashine asubuhi na jioni.

"Wageni wachukue hewa ya nyumbani kwangu inanuka samaki? Haiwezekani."

Wapangaji nao wakabadilika. Mume na mke wa chumba cha pili waliacha kugombana.

"Inavuta hewa tu, haisikii," niliwaambia.

"Kwani maneno yanapita wapi, braza?" mume alinijibu kwa kunong'ona.

Mdogo wangu alikohoa wiki nzima kwa ule moshi. Watafiti waliporudi, karatasi ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Mzungu aliinusa, akapiga chafya.

"Mnachoma nini humu?" daktari aliuliza.

"Udi, mwanangu," Bibi alisema kwa fahari. "Ule mzuri."

Daktari alinivuta pembeni. Karatasi ile haikufaa. Wangenipa wiki moja tu, ikiharibika tena mashine inahamia nyumba nyingine.

Jioni ile nilikwenda kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba uchafu."

"Marahaba. Umeomba nini?"

"Ule wetu wa siku zote. Wakiukosa, wanaondoka, na mtoto anakosa daktari."

Aliweka chetezo chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo mie na usafi wangu ndio namuua?"

"Sijasema hivyo, Bibi."

"Unasema hivyohivyo."

Kesho yake alisimama katikati ya ua akipiga makofi. "Nyie! Kuanzia leo kila mtu akae kawaida! Nani kaanika shuka nje na wingu hili? Si mnaanikaga ndani?" Akamrudisha yule mkaanga samaki kwenye korido. Akawaamuru mume na mke wagombane. Walikaa mlangoni wakitazamana, hawakupata la kuanzia. Kabati letu alilisukuma mwenyewe mpaka likagusa ukuta kama zamani, akafunga dirisha, akaondoka ameshika kiuno kama mtu aliyeandaa harusi.

Mvua ilinyesha siku kadhaa. Mdogo wangu akaanza kubanwa, si kwa moshi tena, na mie nikawa namshikia dawa ya kuvuta huku naitazama mashine nikiomba moyoni inase. Sijui nimwelezeje mtu ombi la namna ile.

Ilinasa. Watafiti waliichukua karatasi, wakarudi kesho yake wakiwa wamekwisha kuitazama kwa hadubini, wakavuta kabati bila hata kusalimia. Ukuta unaopakana na bafu, uleule aliousugua Bibi, ulikuwa umeota ukungu wa kijani kutoka chini hadi kiunoni. Mzungu alinipa mkono, akanipongeza. Nilisema asante. Daktari alimwandikia mdogo wangu tarehe ya kliniki, akamwambia Bibi kwamba bomba la bafu linavuja ndani ya ukuta, na mtoto asilale humo mpaka ukuta ubomolewe na kukauka.

Bibi alipitisha kidole kwenye ukuta wake, akakifuta kwa kanga. Kisha akambeba mdogo wangu na godoro lake, akampeleka sebuleni kwake, mahali ambapo mpangaji huwa haingii na viatu wala bila viatu. Mie nilibaki na watafiti wakikwangua ukuta na kubishana nani achukue kipande kikubwa. Kupitia dirishani nilimsikia Bibi:

"Pumua taratibu, mwanangu. Usiwajali wageni, leo watangoja."