Vyuma vya Gari la Baba na Wageni wa Mama

Mniambie ukweli, mtu anaruhusiwa kumnunia mama yake kwa muda gani?

Gari la zamani la marehemu baba lilikuwa limeoza chesisi ya nyuma, yaani fremu ya chini inayobeba bodi. Jana fundi wangu, Mzee Oduor, alikuja hapa nyumbani akaikata, akatoa vyuma viwili virefu vilivyoliwa na kutu mpaka vinatoboka kwa kidole.

Akaniambia, "Hizi usitupe. Ndiyo kipimo yangu ya kukata mpya."

Nikaviegemeza ukutani vizuri.

Sasa, leo mchana akina mama wa kanisa walikuwa waje kwetu kwa maombi. Na mama akingoja wageni, hata kuku wanafukuzwa uani.

Saa nne asubuhi Mzee Oduor akafika na vyuma vipya ambavyo bado hajavikata. Akatazama ukuta. Akanitazama mimi.

Nikaita, "Mama, vile vyuma viko wapi?"

"Hiyo takataka? Nimempa mtu wa skrepa, yule wa kukusanya vyuma vikuukuu. Wageni wangekaa wakiangalia kutu?"

Nimezunguka mtaa wetu wote wa Nyalenda kwa bodaboda nikimtafuta. Hakuna.

Mzee Oduor anasema akikisia kipimo, gari litatembea upande. Na Jumamosi ndilo la kumpeleka dada yangu kwa harusi yake huko Awasi.

Nimerudi jioni nikiwa nimechoka. Mama akaniwekea ugali, akaja kuninawisha mikono.

Beseni lilikuwa jipya, la kijani.

"Mama, hii umetoa wapi?"

"Kwa yule mtu wa skrepa. Tulibadilishana."

Nimenawa. Nyinyi mngefanya nini?