Mshipi Alioushona Mama Uzi

Mtaani walimwita Mama Uzi kwa sababu hakukosa uzi mdomoni. Aliukata kwa meno huku akijibizana na wateja. Cherehani yake ilikaa barazani, kati ya kinyozi na muuza mkaa. Mumewe alikuwa kibarua wa halmashauri, mzibua mabomba ya majitaka. Akitoka kazini alioga uani kwanza, akajisugua hadi ngozi ikawaka, ndipo mkewe akamruhusu kuvuka kizingiti.

"Mimi ndiye ninayeijua siri ya mji huu," mume alipenda kusema. "Tajiri na maskini, kule chini hamna tofauti."

Watoto walicheka, mama yao akawakemea huku naye akicheka. Akiulizwa kwa nini haiachi kazi ile, alijibu kwamba kazi mbaya si mchezo mwema.

Siku aliyokufa, majitaka yalikuwa yakifurika sokoni baada ya mvua. Alishuka ndani ya chemba bila kamba, kama walivyozoea, na hewa chafu ya mle ikamlevya. Wenzake wakaita, hakuitika. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi, alitaka kumfuata. Walimkamata wakaanguka naye matopeni. Zimamoto ndio waliotoa maiti.

Baadaye serikali ya mkoa iliunda tume ya kuchunguza huduma za maji na majitaka za mkoa mzima, iamuliwe kama kila mji uendelee kujiendeshea zake au yote iungane chini ya mamlaka moja. Wananchi wakaitwa ukumbini kutoa maoni. Wengi walilalamikia mabomba makavu na bili za kulipia upepo. Mama Uzi alisubiri mpaka miguu ikafa ganzi.

"Mume wangu alifia kwenye chemba ya sokoni," alisema alipopewa kipaza sauti. "Sikuja kudai kitu. Mkiandika, andikeni kwamba alikufa, na kwamba hakuwa na kamba."

Mwenyekiti wa tume, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alivua miwani. "Pole sana, mdogo wangu. Tumekusikia."

Maneno hayo aliyabeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Ripoti ilipokuja kusomwa hadharani, alifunga cherehani akaenda. Msomaji alipofika kwenye usalama wa wafanyakazi, alitamka kwamba hakuna mtumishi aliyepoteza maisha kazini, kisha akaendelea na mengine. Mama Uzi alimfuata mwenyekiti mlangoni.

"Mama, mbona mume wangu hayumo?"

Mwenyekiti hakumkwepa macho. "Nilimpigania. Wakasema wanaohesabiwa ni walioajiriwa, na yeye alikuwa kibarua. Nisamehe, mdogo wangu."

Mama Uzi alishika njia akaenda zake.

Nyumbani alimkuta shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, ameketi barazani. Mamlaka mpya ya mkoa, iliyoundwa kwa ripoti ile, ilikuwa imemchukua, kibarua vilevile, na kesho yake angeanza na chemba ya sokoni.

"Shemeji, nina watoto," alisema akitazama sakafu. "Nitafanyaje?"

Mama Uzi hakumgombeza. Alikunjua kipande cha turubai, akaanza kushona mshipi mpana wa kifuani wenye mikanda ya mabegani. Turubai ilikuwa nene, sindano zikamvunjikia, akaweka nyingine. Asubuhi alimvalisha mwenyewe.

"Nimekuwa mbuzi wa kuchungwa," shemeji alitania.

"Afadhali mbuzi anayerudi zizini."

Akafuatana naye hadi sokoni, mahali ambapo hakuwahi kupakanyaga tangu msiba. Wanaume walifunua chemba, wakaacha hewa itoke, wakafunga kamba kwenye mshipi. Mama Uzi alishika kamba nyuma yao. Shemeji alipofika chini walimsikia akikohoa, kisha kimya.

"Vuta!" Mama Uzi alipiga kelele.

Wakavuta. Akatoka akitapika, macho mekundu, lakini mzima. Hata ndoo ya kisimani huchukua muda zaidi kupanda.

Wenzake walimshangilia. Mama Uzi aliketi palepale chini, akalia kuliko alivyolia siku ya maziko. Shemeji alimsogelea, ananuka, anatetemeka.

"Nyamaza, shemeji. Mimi mzima."

"Nakuona," alisema. "Ndicho kinachoniliza."