Okidi za Mparachichi wa Kanduyi

Okidi hazinyonyi mti. Naanza na hilo kwa sababu nimelisema mpaka midomo imekauka, kwa Kiswahili, kwa Kibukusu changu cha kuokoteza, na mara moja kwa mzee wa kanisa aliyesimama chini ya mti wangu akitikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa. Ni maua yaotayo juu ya miti; mizizi yake hushika gamba ili ipate pa kukaa, basi. Maji yake ni ya mvua, na chakula chake ni majani makavu na vumbi linalonaswa pale. Mti haupotezi chochote.

Zangu nilianza kuziokota Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mume wangu akiwa mtumishi wa serikali na sisi tukikaa nyumba ya kupanga upande wa barabara iendayo Kwanza. Jirani yetu aliuza kuni. Magogo yalimfikia yakiwa na mimea hai juu ya gamba, naye aliipasua pamoja na kuni, ikaenda kuivisha maharagwe ya watu. Mimi nimezaliwa Kitale, kwa wazazi waliohamia kutoka huko katikati ya nchi, na nyumbani kwetu hakuna kilichotupwa. Nikamwomba ile mimea. Alinipa akicheka. Niliifunga kwenye vipande vya magogo kwa soksi zangu ndefu za nailoni, zile za kwenda kanisani, nilizozikata kama kamba. Nailoni hunyumbuka, haikati mizizi. Wanawake wenzangu walishangaa kwa nini nilikuja ibadani bila soksi, na nilipowaambia walishangaa zaidi.

Mume wangu alinitania kwamba ninafuga kuni. Lakini alipostaafu tukahamia kwao Kanduyi, ni yeye aliyeweka ngazi akanifungia okidi zote kwenye mparachichi alioupanda uani siku alipoanza kujenga nyumba. Ulikuwa mti mkubwa, gamba limepasukapasuka, kivuli chake si kizito sana. Okidi zilipokelewa vizuri pale kuliko nilivyopokelewa mimi na baadhi ya watu wa boma.

Mvua ikishakolea, zilichanua. Kulikuwa na za njano zenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, zinazotoa shada zima kwa mpigo. Kulikuwa na vijiua vya kijani, vidogo kuliko harage, ambavyo mgeni havioni mpaka umwonyeshe. Na kulikuwa na zile nyeupe. Hizo ndizo zilizokuwa roho yangu. Ua lake ni gumu kidogo kama nta, lina ncha kama nyota, na nyuma yake unaning'inia mkia mrefu mwembamba. Mchana halinuki kitu. Kuku wakianza kuingia bandani ndipo harufu inapotoka, tamu, na kuenea mpaka jikoni. Mume wangu alitoa kiti nje saa hiyo, akidai anangoja taarifa ya habari. Redio yenyewe ilikuwa ndani.

Kisha akafariki. Kaburi lilikuwa bado halijaota nyasi kaka yake mkubwa alipokuja kuongea nami kuhusu mti. Alikuja na mkewe, mwanamke mpole wa Naitiri, ambaye mara nyingi alipita kutazama maua yangu na kuondoka harakaharaka kabla hajaitwa kwao. Shemeji alisema mparachichi hauzai kwa sababu maua yangu yanaunyonya, na kwamba mti wa marehemu kukauka uani kwake ni aibu kwa ukoo. Afadhali ukatwe. Nilimjibu kwamba mparachichi huzaa sana mwaka mmoja ukapumzika mwaka unaofuata, jambo ambalo mkulima kama yeye analijua kuliko mimi. Hapo akaachana na habari za maparachichi.

"Mulamwa," akaniambia, maana ndivyo wanavyowaita mashemeji huku, "kwetu mama hapandi mti. Mwenye kupanda mti ndiye mwenye shamba. Na wewe umejaza hiyo vitu yako kwa mti ya ndugu yangu mpaka watu wanauliza hii boma ni ya nani."

"Ni yangu," nikamwambia.

Aliondoka bila kunywa chai.

Mila hiyo niliikuta, na miaka yote niliifuata. Sikupanda hata mpera. Mume wangu alipokuwa hai haikuniuma, kwa kuwa nilimwambia ninataka mti gani naye akashika jembe. Sasa niliona inakoelekea. Wangeanza na mti, waje kwenye ua wa boma, kisha siku moja nielezwe kwa upole kwamba wazazi wangu Kitale bado wana nafasi. Niliogopa, sitaki kudanganya. Lakini nilikuwa nimezika mume katika ardhi ile na sikuwa na nia ya kuondoka.

Walinivizia. Nilikwenda Kitale kumtazama mama aliyekuwa na malaria, na niliporudi mparachichi ulikuwa umelala uani, umekatwa kwa msumeno wa mashine, matawi yameelekea jikoni. Shemeji alikuwa ameacha ujumbe kwa jirani kwamba atafuata kuni zikishakauka kidogo. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Ilikuwa kama mume wangu amekufa tena.

Nilipomaliza kulia nikauzunguka mti. Okidi za upande wa chini zilikuwa zimepondeka. Za juu zilikuwa nzima, na zile nyeupe zilikuwa na vitumba. Kila aliyekuja kunipa pole alinishauri nizing'oe upesi, zisije zikafa pamoja na mti. Nilikataa. Niliziacha palepale makusudi, nikawa nazinyunyizia maji ya mvua kila asubuhi, huku majani ya mparachichi yakinyauka, yakikunjamana, yakipukutika. Nilitaka Kanduyi nzima ione.

Zikachanua. Mti umekauka kabisa, na juu yake nyota nyeupe zimepangana kama shanga, mikia yake inayumba upepo ukipita. Watu walikuja kutazama jioni, wengine kutoka ng'ambo ya barabara. Mzee wa kanisa naye alikuja. Aliinama akanusa, akanusa tena. Mimi nilikuwa nimeshakwenda Kitale kununua mche wa mparachichi, nao ulikuwa unangoja kando ya nyumba.

Shemeji alifika na mkokoteni, yeye na mkewe. Alisimama mbele ya gogo lililochanua na panga lake mkononi.

"Mti umekufa, shemeji," nikamwambia. "Haya, nionyeshe maua yanamnyonya nani."

Akasema kwamba kuni ni kuni. Nikamjibu kwamba kuni za boma hili hutoka nikisema zitoke, na hizi sijasema. Kisha nikachukua jembe, nikaanza kuchimba shimo hatua chache kutoka kwenye kisiki, mchana kweupe, majirani wakiwa wamejaa kwenye ua.

"Mulamwa, wacha," akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya hasira bali ya hofu. "Mama hapandi mti."

"Basi fumba macho."

Niliuweka mche shimoni, nikarudisha udongo, nikaushindilia kwa mguu. Nilipoinua uso nilimwona mke wa shemeji anakuja kutoka kwenye tangi la maji, amebeba ndoo iliyojaa. Alimpita mumewe, akainama, akaumwagilia mche taratibu mpaka ndoo ikaisha.